Jinsi Nilivyomzuia Meelis Asihamie Ufini

Jumatano, 8 Novemba

Ushindi wa kwanza! Meelis amekubali. Nimemwambia twende kisiwani Hiiumaa, mashanta mgongoni, hema, miguu yetu, kama zamani tulipokuwa vijana. Hajui kiini cha safari. Kiini ni kwamba wiki ijayo anahamia Ufini kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, na mimi sikubali. Tumekaa jengo moja hapa Tartu, mlango kwa mlango, tangu tuanze kunyoa ndevu. Nani atanisukumia gari? Mpango: nimwonyeshe uzuri wa nchi yake, Estonia, mpaka machozi yamtoke. Ameuliza kwa nini Novemba. Nimemjibu kwamba kiangazi kila mjinga anakwenda. Sasa hivi hatutaona mtu!

Alhamisi, 9 Novemba

Kweli hatukuona mtu. Kwenye feri tulikuwa sisi, lori la mbao na mvua. Mkahawa umefungwa. Mnara wa taa umefungwa. Nilimwonyesha Meelis bahari. Akasema ule ni ukungu, na Ufini nako ukungu upo, ila kule mtu analipwa. Kejeli!

Jioni hema likavuja. Hapo akili yangu ikawaka. Leo mkesha wa Mtakatifu Martin! Watu hugeuza makoti, hujipaka masizi, huimba mlango kwa mlango, na hakuna mwenye roho ya kuwafukuza. Nyumba moja tu ilikuwa na mwanga: gesti, kibao mlangoni IMEFUNGWA. Tukaimba beti zote. Nikamwaga shayiri yetu ya uji sakafuni, baraka ya mavuno. Mwenye nyumba, mama wa makamo aitwaye Külli, akatugawia tufaa mojamoja na kuanza kufunga mlango. Nikaweka mguu.

“Mnataka nini tena?”

“Kitanda,” nikasema kwa sauti nzito ya kitakatifu.

“Martin mwenyewe hawezi kulala hapa Novemba. Haya, vueni viatu. Na hiyo shayiri ataifagia nani?”

Akafagia Meelis. Tumelala pakavu. Mimi ni hatari!

Ijumaa, 10 Novemba

Adui amejitokeza. Ni Külli. Asubuhi, mezani, dagaa na mkate mweusi, Meelis akamsimulia habari za Ufini. Nikamkonyeza mama amkatishe tamaa. Yeye akasema, “Nenda, kaka. Huku utamchomelea nani vyuma, mbweha?” Mbele yangu!

Halafu ikajulikana kwamba mlango wa jiko la sauna, kibanda cha kuogea mvuke, umekatika bawaba. Wameshinda humo kibandani wawili, wakigonga na kucheka. Mimi nimepewa viazi nimenye. Nikapata mbinu: nimemnong’oneza Külli kwamba Meelis anakoroma mpaka madirisha yanatetemeka. Akasema marehemu mumewe naye alikuwa hivyohivyo, na tangu aondoke nyumba imekuwa kimya mno. Hakuelewa kabisa.

Jumamosi, 11 Novemba

Lazima nimtoe Meelis humu kabla mama huyu hajamsukumia Ufini. Nikafunga shanta lake kimyakimya, nguo zote, nikaenda nalo kituoni. Nilikuwa nimemwambia anifuate, basi ni moja tu leo. Basi likaja. Meelis hakuja. Mvua ya mawe ikaanza, nikapanda. Nimezunguka kisiwa kizima na mashanta mawili mapajani mpaka dereva alipogeuza.

“Mwenzako yuko wapi?” akaniuliza.

“Anakuja.”

“Kwa kuogelea?”

Niliporudi walikuwa wametoka sauna, wekundu, wanakula samaki wa moshi. Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi. Meelis amevaa sweta la marehemu, kwa kuwa nguo zake zote nilikuwa nazo mimi. Linamkaa vizuri, Külli anasema. Amesema hivyo mara nyingi mno.

Jumapili, 12 Novemba

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya uzalendo. Ikatoka sentensi moja tu, tena kwa sauti ambayo sikuipenda: “Meelis, usiende, bwana.”

Külli aliyekuwa anamimina kahawa akasimama.

“Siendi,” Meelis akasema, anaangalia kikombe. “Nimewapigia simu jana.”

USHINDI! Nikamkumbatia, kahawa ikamwagika, nikapiga kelele. Nikasema basi, tufunge mizigo, nyumbani!

“Wewe basi lako linapita mchana, Raivo,” akasema polepole. “Mimi hapa kuna paa la kuziba. Na mabomba. Mpaka kiangazi hivi. Halafu tutaona.”

“Mimi nilimwambia aende,” Külli akasema, masikio yamemwiva. “Hakusikia. Sasa ashike nyundo.”

Akanifungia mkate wa njiani. Adui ameshindwa vibaya sana.

Jumanne, 14 Novemba

Tartu. Ushindi kamili! Meelis habanduki Estonia. Nimewaeleza majirani wote. Ni kweli kwamba kwenda Helsinki ni haraka kuliko kwenda kwa Külli, lakini hiyo ni jiografia tu. Asubuhi gari limegoma. Nimelisukuma peke yangu, kwa fahari.

Jioni dada yangu Piret amepiga simu. Anafikiria kuhamia Uswidi. Uswidi! Nimemwambia atulie, anunue buti. Februari tunakwenda wawili kisiwani Ruhnu, mbali kabisa katikati ya ghuba. Amefurahi, maskini. Bado sijamwambia kwamba ndege ya kurudi inategemea upepo.