Ndiyo Iliyochelewa Kutoka Maskati

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya leo nilikuwa mtu wa kuheshimika hapa Kisauni. Kufika adhuhuri nimekuwa kichekesho, na bado sielewi vizuri ilivyokwenda.

Tulikwenda kumposea Salim, mtoto wa kaka yangu. Kaka yuko kazini Maskati, na Mzee Bakari, ami yake msichana, alitaka mahari ikubaliwe kwa kinywa cha baba mwenyewe. Nikashauri tupige kwa intaneti, maana ni bure. (Mambo haya nimejisomea mwenyewe. Msiba ulianzia hapo.) Mimi na kaka tulikwisha kupatana: hatuzidi elfu hamsini.

Nikaiweka simu katikati ya mkeka, sauti juu. Nikawaeleza wazee kwamba maneno huchelewa njiani, kwa hiyo kila mtu akisema, angoje. Wakakubali kwa adabu. Mzee Bakari akatoa salamu. Kimya. Akatoa tena. Kimya. Alipoanza ya tatu, kaka akaitikia ya kwanza, na tangu hapo wakawa wanajuliana hali kwa kupishana, kila mmoja akiuliza lililokwisha kujibiwa. Nikaanza kupotea.

Hatimaye mzee akataja mahari: elfu themanini.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Kaka, wanisikia?"

Kimya bado. Bi Mwanaisha, shangazi yake msichana, akashindwa kujizuia.

"Labda aona kidogo. Basi na iwe laki."

Watu wakacheka. Papo hapo simu ikasema, wazi kabisa: "Ndiyo. Vizuri sana."

Mzee Bakari hakungoja. "Alhamdulillahi. Al-Fatiha."

Mikono ikainuka. (Na yangu pia. Ni mazoea, mtu akisikia Fatiha hafikirii.) Na kwetu Fatiha ikishasomwa, maneno yamefungwa. Tulipofika katikati, kaka akaendelea zake kule Maskati: "Lakini themanini ni nyingi, mzee wangu. Sisi tuna hamsini." Nani atakatiza Fatiha? Nilisoma huku jasho likinitoka.

Baada ya amina nikajaribu kueleza, kwa utaratibu, kwamba ile ndiyo haikuwa ya laki. Ilikuwa yangu mimi, nilipomuuliza kama anisikia. Nikarudia mfuatano wote tangu salamu. Katikati ya maelezo nikajichanganya mwenyewe.

Bi Mwanaisha akanisikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo mikono uliyoinua, baba, nayo ilichelewa njiani?"

Kumbe maneno yetu yalikwama njiani tangu kile kicheko, kaka hakusikia laki wala Fatiha.

Simu ikauliza: "Mbona kimya? Wamekubali?"

Nikamwambia wamekubali. (Walichokubali nitamweleza kwa maandishi.)

Salim anafurahi, mchumba kapata. Nanyi mnaosoma, chekeni polepole, shangazi yule sasa ni mkwe wetu. Simu ya kawaida ya Maskati ingetutoa mia chache tu. Hii ya bure imetutoa shilingi elfu hamsini juu ya zile tulizopatana.