Mwinamo Umekoma Rasmi Kwemtindi

Kitu cha kwanza alichokiona Shamsa ni peasi. Lilijiondokea kwenye sinia la mgeni rasmi, likavuka kitambaa cha maua, likadondoka nyasini na kubingirika bila haraka hadi goli la kule chini. Hakuna aliyelikimbilia. Kulikimbilia kungekuwa utovu wa nidhamu, maana Mwenyekiti Edgar alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "Kamati ya Usawa wa Viwanja vya Milimani inatangaza kwamba mwinamo wa uwanja huu umekoma rasmi. Kuanzia leo, Kwemtindi ni tambarare."

Watu walipiga makofi. Kwemtindi ni kijiji kilichobandikwa ubavuni mwa mlima, juu ya Lushoto. Kabichi zake hulimwa kwenye matuta ili zisihamie bondeni. Habari kwamba sehemu yake yoyote imekuwa bapa ilistahili makofi. Tingatinga halikuonekana, lakini Kamati ilikwishafafanua kuwa tingatinga ni mambo ya kizamani. Siku hizi kazi hufanyika kwanza kwenye taarifa, ardhi hufuata yenyewe. Taarifa ilikuwa imefika mkoani, na mkoa ukamleta mgeni rasmi kuja kuufungua uwanja.

Shamsa alikuwa kocha wa Mawingu, timu ya kijiji. Zamani alicheza winga ya kushoto katika timu ya wanawake ya Korogwe, kwenye daraja ambalo hata redio haikupata kulitaja. Goti lilipogoma alirudi nyumbani, akaichukua Mawingu wakati hakuna mwanamume aliyeitaka, kwa kuwa kila Jumapili ilikuwa ikifungwa. Akawa kocha, meneja, mkandaji misuli na mfuaji wa jezi. Hakuwa mtu wa maneno. Mazoezini alinyoosha kidole, na vijana wakaenda pale kidole kilipoelekea.

Mawingu ilipoanza kushinda, wanaume wenye sifa walianza kupatikana. Mwenye sifa kuliko wote alikuwa Yusufu, mpwa wa Mwenyekiti, aliyekuwa na cheti cha semina na filimbi mbili. Kamati, kwa kuchukia upendeleo, iliamua kwamba Mawingu icheze na Kombaini ya Yusufu siku ya ufunguzi, na kocha atakayeshinda ndiye atakayekabidhiwa timu ya kijiji kuipeleka ligi ya mkoa. Atakayeshindwa atapumzishwa kwa heshima.

Waraka nao ukatoka. Ni marufuku kutamka maneno kupanda, kushuka na mteremko ndani ya eneo la uwanja. Pia, timu hazitabadilishana magoli wakati wa mapumziko, kwa sababu kubadilishana ni kuonyesha shaka juu ya usawa.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Kabla ya mchezo alimvuta Yusufu nyuma ya turubai, akamnong'oneza ahakikishe nahodha wake anachagua vizuri. Yusufu, mtu wa kufuata waraka, akamwita nahodha, kijana aitwaye Salimu.

"Ukishinda sarafu, chagua upande mzuri."

"Upi huo, kocha?"

Yusufu alitupa jicho kwa mgeni rasmi. "Ule mzuri. Wewe si mtoto wa hapa?"

Salimu alikuwa mtoto wa hapa hasa. Mpira alifundishwa na Shamsa kabla hajavutwa na viatu vipya vya Kombaini. Na mtoto wa Kwemtindi hahitaji kuambiwa upande mzuri. Kwanza unapanda, mapafu yakiwa mapya. Baada ya mapumziko unashuka, na mlima unakusaidia kumaliza. Babu zao walicheza hivyo.

Sarafu ilirushwa, ikaanguka, ikabingirika, mwamuzi akaifuata na kuikuta imempa Salimu. Salimu akaonyesha goli la juu. "Sisi tunashambulia kule."

Yusufu alipuliza filimbi zote mbili. Haikusaidia.

Kipa wa Kombaini alipiga mpira juu, mpira ukatafakari, ukarudi kwake. Washambuliaji wake walikimbia wameinama kama watu wanaobeba kuni. Mawingu hawakukimbia sana. Waliachia mpira tu, wakaufuata. Hadi mapumziko walikuwa na mabao matatu, na mojawapo hakuna aliyelidai kuwa lake.

Mwenyekiti, ambaye kwa miaka yote alimwita Shamsa mama wa jezi, alimfuata akiwa anatabasamu.

"Binti yangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwombe mwamuzi mbadilishane magoli. Ombi likitoka kwako halina ubaya."

"Kwa sababu gani, mzee?"

"Unaijua."

"Siijui."

"Sema jua linamchoma kipa wako."

Ukungu ulikuwa umefunika goli la juu hadi milingoti haionekani. Wote wawili waliutazama.

"Shamsa, mwanangu, macho si unayo?"

"Ninayo, mzee. Lakini waraka nao nilisomewa."

Mchezo uliisha sita bila. Kombaini walikuwa wamelala nyasini, wengine wakishikilia nyasi wasiteleze. Mgeni rasmi alifurahi mno. Aliipongeza Kamati kwa usawa uliowezesha timu bora kushinda, akatamka mbele ya wote kwamba Mawingu ni ya Shamsa. Kisha akauliza kwa nini wale wengine wamechoka hivyo.

"Kocha wao ni dhaifu," alijibu Mwenyekiti upesi, bila kumtazama mpwa wake.

Mgeni rasmi akachukua peasi, akaling'ata, akaliweka mezani. Likaondoka. Alilitazama likivuka kitambaa, likadondoka na kuanza safari, hadi kiatu cha Mwenyekiti kilipolikanyaga kwa hekima ya uongozi.

"Kocha," mgeni rasmi alisema taratibu, akimpa Shamsa kipaza sauti, "hebu tuambie neno."

Mwenyekiti alishusha pumzi. Kila mtu Kwemtindi alijua kwamba Shamsa haongei. Hata Shamsa mwenyewe alijua. Alikishika kile chombo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Shikamoo, mgeni rasmi. Uwanja umeinama. Umeinama tangu mlima uumbwe." Akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. "Na hata tungebadilishana magoli tungewafunga. Mimi ni kocha mzuri."