Shimo Yatima la Bi Ocie

Garland Tackett hakuwa mwizi, jamani. Mwizi huvunja mlango; Garland alikuwa anafunguliwa. Hapa kwetu mashariki ya Kentucky alishamuuzia mhubiri mmoja mbwa kipofu, akamwambia huyu anawinda kwa imani.

Siku alipoliona shimo la Bi Ocie Slone, mate yalimdondoka. Kampuni fulani ilichimba makaa ya mawe pale miaka hamsini iliyopita, kabla sheria ya kufukia haijatungwa, ikafilisika ikaenda zake. Tangu hapo ukingo unamomonyoka. Ulishameza banda la kuku, ukameza choo, na sasa zilibaki hatua tatu tu ufike kwenye kaburi la Hobart, marehemu mumewe. Kila mwaka Bi Ocie aliwaandikia watu wa jimbo, nao wakamjibu kwa adabu kwamba yumo kwenye orodha, nambari mia mbili na kumi na nne. Mwaka uliofuata akawa wa mia mbili na ishirini.

Garland hakuona kaburi. Aliona mkanda mweusi wa makaa yaliyosahaulika kwenye ukuta wa shimo. Akavaa kofia ngumu, akashika kalamu, akabisha hodi. Alisema ametumwa na jimbo kufukia, ila kwanza sheria inadai ule uchafu mweusi uondolewe.

"Utaupeleka wapi, mwanangu?" Bi Ocie akauliza.

"Maabara, mama. Tani mia tatu hivi."

Bi Ocie akamwonea huruma, akamuuliza kama amekula. Akampa maharage na mkate wa mahindi, akamsihi achimbe vizuri asibakize. Garland nusura aone aibu.

Wenye kukodisha katapila hawakutaka majina ya kubuni, kwa hiyo akaandika lake la kweli, la kwanza baada ya miaka mingi. Saa sita mchana lori limejaa, mkaguzi wa jimbo akapanda kilima. Bi Ocie alikuwa amempigia simu asubuhi ile, Garland akiwa bado anatafuna.

"Namsaidia tu bibi," Garland akasema.

"Hili shimo lilikuwa yatima, ndugu, halina mwenyewe," mkaguzi akamjibu, huku akisoma jina kwenye karatasi za katapila. "Jimbo lingelifukia likipata nafasi. Lakini kwa sheria, anayechimba leo, shimo ni lake, lote. Hongera, limepata baba."

Ikawa kazi ya Garland kulifukia lote, kukirudishia kilima umbo lake, kupanda majani, kisha kuyalea miaka mitano yasife. Akimbie? Jina walikuwa nalo, na jela ya kaunti ilikuwa na nafasi zaidi kuliko ile orodha.

Kufika Oktoba udongo ulikuwa umelingana na kaburi. Bi Ocie aliketi pale na maua yake, akalia kidogo, akamwambia Hobart sasa alale.

Ndipo akatokea kijana mmoja, kofia ngumu mpya kichwani, akiulizia shimo jingine dogo la makaa lililobaki nyuma ya ghala la Bi Ocie. Garland, mpira wa maji mkononi, akafungua mdomo amwonye. Akamtazama Bi Ocie. Akaufunga.

"Umekula, mwanangu?" Bi Ocie akamuuliza mgeni.

Garland akaweka mpira chini, akaenda kuleta sahani.