Nilivyofika Funzi kwa Mara ya Kwanza

Jamani, leo nimeadhirika. Si kuadhirika kwa chini chini, la! Ni mbele ya mama mkwe na ukoo wake, mchana kweupe, jua likiwaka. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani. Barazani nasikia wanacheka mpaka sasa.

Mimi ni mtu wa Kinango, kazi yangu kununua na kuuza mbuzi. Mke wangu, Mwanasiti, ni mtoto wa Kibuyuni, wa baharini hasa. Tulipooana, mjomba wake anayekaa kisiwa cha Funzi alikataa kuja harusini. Alisema, "Huyo mtu wa bara atakwenda kumchotesha mtoto wetu maji kwa punda." (Punda ninaye, sikatai. Lakini maji nachota mwenyewe.) Miaka imepita, tumemzaa binti yetu Riziki, na huyo mjomba sijawahi kumtia machoni. Kila safari ya Funzi ikitajwa, mimi nina mbuzi anayeumwa.

Likizo hii nikakata shauri twende Funzi. Nikakodi vijumba viwili vya makuti ufuoni, upande wa Msambweni, kimoja chetu na kimoja cha mama mkwe. Jina lake Bi Mwanatumu, mkulima wa mwani. Kwetu mama mkwe huheshimiwa mno: humpi mkono, humsogelei, unamsalimu umeinamisha kichwa. Ndiyo maana vijumba vikawa viwili.

Asubuhi tulikuwa tukinywa chai na mahamri, mimi mwisho huu wa baraza, yeye mwisho ule. Akamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika na kila mtu:

"Baba Riziki si abaki tu hapa? Akiingiwa na hofu katikati ya maji, kule hakuna pa kushukia."

Hofu! Mimi! Nikaweka kikombe chini.

"Mama, leo naenda Funzi. Na kwa mjomba nitaingia kwa miguu yangu mwenyewe."

(Ingekuwa maneno yanaweza kurudishwa mdomoni, hayo ningeyameza na chai.)

Nikavaa suruali mpya, shati jeupe, viatu vya ngozi. Huendi kwa mjomba wa mkeo mara ya kwanza na bukta! Juu ya shati nikavalishwa jaketi la kuelea, la rangi ya machungwa, likanibana shingo mpaka nikawa natazama mbinguni.

Ndani ya boti nilishika ukingo hadi vidole vikafa ganzi.

"Baba, mbona umefumba macho?" Riziki akauliza.

"Naomba dua, mwanangu."

(Na nilikuwa naomba kweli.)

Tulipokikaribia kisiwa, nahodha wetu Bakari, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, akazima injini. "Maji yamekupwa. Boti haifiki pwani. Tutashuka hapa tutembee."

Nikafumbua macho. Mbele yetu tope jeusi, mikoko pembeni, na kule ufuoni watu wamesimama wakitungojea. Mwanasiti akaninong'oneza, "Yule mwenye kanzu nyeupe ndiye mjomba."

Bakari akanigeuzia mgongo. "Mzee, panda. Wageni huwa nawabeba wasichafuke."

"Mimi si mgeni," nikamwambia. "Mimi ni mkwe."

Mama mkwe akavua viatu, akapandisha leso mpaka magotini, akashuka. "Nifuateni mimi. Mkanyage ninapokanyaga."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanasiti akamfuata, Riziki mgongoni. Lakini mimi, jamani, nitamfuataje mama mkwe aliyepandisha leso, macho nimeyakaza kwenye miguu yake? Na mjomba anatazama? Nikaona heshima inanitaka nipite njia yangu. Kando karibu na mikoko palikuwa na tope zuri, limetulia, linang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nikashukia huko.

Hatua za kwanza, salama salimini. Nikanyoosha mgongo. Nikampungia mjomba mkono.

Tope likafunguka.

Mguu wa kulia ulizama mpaka gotini. Nikauvuta, ukatoka bila kiatu. Nikaweka uzito kwenye wa kushoto, nao ukaenda. Kadiri nilivyojinasua ndivyo nilivyoshuka, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeteremshwa kisimani.

"Baba Riziki!" mama mkwe akaita. "Usijitikise!"

"Niko sawa, mama! Napumzika tu!"

(Lilikuwa limefika mapajani.)

Akageuka, akaanza kuja.

"Mama, tafadhali, usije! Nitaokolewa na Bakari!"

"Bakari kwa unene ule mtazama wote wawili. Lala."

"Nilale?"

"Lala kifudifudi, mwanangu. Tandaza mikono."

Nikalala. Shati jeupe, kwaheri. Mama mkwe, yule ambaye sijawahi kumshika hata mkono, akanishika kwapani akavuta. Nikasogea kidogo, nikakwama. Akavuta tena. Wapi!

"Fungua mkanda," akasema.

"Mkanda gani?"

"Wa suruali. Imejaa tope, ndiyo inayokushikilia."

"Mama!"

"Maji yanarudi, Baba Riziki. Ukitaka kuzikwa na suruali, ubaki nayo."

Wallahi nilifikiria. Nililaza shavu kwenye tope nikafikiria. Nikaona kufa na suruali ni jambo la heshima, watu wangesema alikuwa na msimamo. Ndipo nikamwona Riziki mgongoni mwa mamake, mdomo unatetemeka, machozi yako njiani. "Baba, toka!" akasema.

Nikafungua mkanda.

Mama mkwe akageuza uso, akavuta kwa nguvu zote. Ikasikika sauti ambayo sitaieleza. Nikang'oka kama muhogo baada ya mvua. Suruali haikuja.

Astaghfirullah! Mimi huyo, jaketi la kuelea juu, chupi chini, miguu myeusi kama nimevaa soksi. Mama mkwe, macho yake kwenye mikoko, akafungua leso ya mabegani akanirushia nyuma. Nikajifunga haraka. Ilikuwa leso nyekundu ya maua, ya zawadi ya mzazi, yenye maandishi makubwa: HONGERA MAMA. Maandishi yakanikaa barabara makalioni.

"Sasa panda mgongoni," akasema.

"Mama, hapo siwezi."

"Kutoka hapa mpaka ufuoni ni magamba ya chaza tupu, makali kama wembe, na wewe huna viatu wala nyayo sugu kama zangu."

"Nitatembea. Niliahidi kwa miguu yangu."

Nikapiga hatua. Nikalia. Nikapiga ya pili, nikalia kwa sauti nyingine. Mama mkwe akachutama mbele yangu. Mwanamke aliyezoea kubeba magunia ya mwani yaliyolowa, mimi ni kitu gani?

Nikapanda.

Tukafika Funzi hivyo. Ufuoni kina mama wakapiga vigelegele, vya nguvu hasa, kuliko vya harusi yangu. Mjomba akasogea. Mimi bado niko juu. Nikaona nisikose adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu, ndevu zikimtetemeka. "Karibu, mkwe wetu. Utashuka, au ndivyo mnavyotembea huko Kinango?"

Hapo kisiwa kizima kikalipuka.

Nikasafishwa kwa ndoo kadhaa kama ng'ombe wa sikukuu. Mjomba akanipa kikoi chake mwenyewe, akanikalisha kando yake kwenye mkeka. Samaki wa kupaka walipoletwa, kile kipande kinono akakisukuma upande wangu.

"Miaka yote nilidhani ni kiburi kinakuzuia kuja," akasema.

"Si kiburi, mjomba. Ni maji."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa kilemba. "Ungesema! Ningekuja mimi kwenu!" Na ameahidi mwezi ujao atakuja Kinango, kwa sharti apandishwe punda. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na miaka yote hii sikuwa nimejua jambo hili lilikuwa limemkaa moyoni hivyo.

Mama mkwe je? Alikaa mwisho wa mkeka, mbali nami, macho chini, ametulia kama hajawahi kunibeba. Adabu zote zilikuwa zimerudi mahali pake.

Maji yalipojaa tukarudi. Kwenye boti sikufumba macho. Mama mkwe akamgeukia mke wangu, na mimi nimekaa papo hapo:

"Mwambie Baba Riziki kesho alfajiri, kabla watu hawajaamka, ashuke ufuoni. Nitamfundisha kuogelea."

"Mwambie mama nitakuja," nikajibu.

Basi nimekwisha azima bukta. Asicheke mtu.