Nyumba Isiyotakiwa na Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Benki imebandika notisi ya tatu getini. Gundi yao safari hii ni nzuri. Nyumba itapigwa mnada Jumamosi tarehe 15, kwa ajili ya mkopo niliochukua kununua mashine ya kutotolesha vifaranga. (Vifaranga kumi na mmoja kwa miaka miwili!) Afisa mikopo, mama mpole, ameniambia bado nina nafasi: nitafute mnunuzi mwenyewe, nilipe deni, kitakachobaki kiwe changu. Nesi mstaafu wa mtaa wa pili yuko tayari, na bei yake nzuri. Mke wangu akasema tukubali. Nikamwambia mwanamume hauzi nyumba yake. Akauliza kama mwanamume hupendelea iuzwe na benki.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mpango. Nyumba mbovu haina mnunuzi, na bila mnunuzi hakuna mnada. Basi, iwe mbovu! Nimeng'oa milango miwili. Nimemwagia dari maji machafu. Nimechora ufa kwa mkaa kutoka juu hadi sakafuni. Umetoka vizuri mno. Mke wangu amehamisha kitanda.

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja bwana mwenye daftari na futi. Mnunuzi huyo, nikajua. Nikamtembeza mwenyewe, nikamnong'oneza kwamba nyumba huzama kidogo kila masika. Aliandika kila neno, akashukuru, akasema wenye nyumba wengi humficha mambo. Kumbe ni mthamini wa benki! Bei ya chini ya mnada hupangwa kwa ripoti yake.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwepo. Ni fundi rangi, mtu asiyekopa hata kiberiti. Alicheka hadi akakaa chini. Akaniuliza, "Sasa shemeji, bei ikishuka anaumia nani, benki au wewe?" Nikamwambia arudi kwenye brashi zake.

Jumamosi, 15 Machi
Mnada. Walikuja watu tisa. Wanane waliuona ufa wakaondoka. Mambo yanakwenda! Wa tisa alikuwa shemeji. Alilamba kidole, akaufuta ufa kidogo, akajipangusa kwenye suruali. Mpiga mnada akataja bei ndogo hadi nikaionea nyumba aibu. Mkono mmoja ukainuka. Nyundo ikagonga.

Jumanne, 22 Aprili
Afisa mikopo ameniita. Bei ya mnada haikutosha kulipa mkopo, kwa hiyo nyumba sina na deni bado ninalo. Kwa bei ya nesi, alisema, ningelimaliza deni na kubaki na hela ya kiwanja. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Shemeji amerudisha milango na kupaka rangi ya maziwa. Ametupangisha chumba cha nyuma. Mkataba ametia saini mke wangu peke yake; shemeji anasema saini yangu ina historia.

Nimeyatafakari makosa yangu kwa utulivu. Ni moja tu: dhamana ilikuwa ndogo. Mama mkwe ana shamba la ekari nne, hati yake safi, halijawahi kuguswa na benki yoyote. Nikilikopea, namlipa shemeji, nachukua nyumba, na mashine kubwa zaidi juu yake. Kesho naenda kumwamkia. Nimenunua kilo mbili za sukari. Mke wangu ameuliza ni za nani. Nimemwambia nimemkumbuka tu mama.