Breki Zinazogoma Asubuhi

Jumatatu, 4 Juni

Miaka sita nimekaa chumba cha nyuma cha duka la uchapaji nikibana karatasi kwa stepla, na leo Mungu amenikumbuka. Hospitali iliyo chini ya mteremko itachapisha kadi zake zote kwetu. Anatafutwa mtu wa kuzipeleka kila siku. Bosi amesema Jumamosi atatoa mizigo miwili, mmoja wangu, mmoja wa Kengele. Ambaye mzigo wake utamfikia kwanza pale kwenye geti la hospitali, kadi zikiwa safi, huyo ndiye mpelekaji. Mwingine abaki na stepla.

Kengele ni mwenzangu wa chumba cha nyuma. Ana baiskeli, na baiskeli ina kengele. Huipiga hata akiwa ameegesha. Anaamini kazi ni yake, na ameshaanza kuvaa kofia.

Hajui kwamba nina Ubao. Nimeuunda mwenyewe uani: mlango wa kabati (la mke wangu, bado hajauliza), magurudumu manne, mota na betri kutoka kwenye baiskeli ya umeme iliyokufa, na rimoti mkononi. Breki ya kukanyaga haina. Ukibonyeza kitufe, mota inageuka dainamo, inayazuia magurudumu na kuurudisha umeme kwenye betri. Akili kubwa hiyo, na ni yangu. Maelezo alinipa fundi redio, lakini wazo la kumuuliza lilikuwa langu.

Jumanne, 5 Juni

Betri ilikuwa kwenye chaja usiku kucha. Taa ya kijani. Nikashuka mteremko kabla ya saa za kazi, upepo usoni, raha tupu. Kwenye kona ya chini nikabonyeza breki. Kimya. Nikabonyeza tena kwa vidole viwili. Kimya.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la hospitali, anakaa mama mkwe wangu. Uani kwake hakuna ukuta, kuna kamba za nguo tu. Mtu mwenye adabu haingii kwa mama mkwe bila hodi. Nilipiga hodi nikiwa tayari ndani, nimeviringishwa shuka mbili mbichi. Nikamwamkia humo humo. Akaitikia marahaba, akaendelea kufua. Alisimamia tangi la maji la mji miaka thelathini, si mtu wa kushtuka ovyo.

Chanzo nimekigundua: betri ndogo za rimoti. Nimebadilisha. Jioni nimezunguka mitaa ya nyuma hadi Ubao ukaanza kuchoka, kisha nikashuka. Breki ikashika barabara! Nilisimama mbele ya mama mkwe kama gari la waziri. Ugonjwa umepatikana, ugonjwa umepona.

Jumatano, 6 Juni

Haujapona.

Nimechaji usiku kucha, nimeshuka asubuhi, nimeingia kwenye foronya. Mama mkwe amesema shuka za jana ameshazifua upya, hizi ndizo zilizokuwa zimebaki. Amesema kwa upole, na ule upole umeniuma kuliko goti.

Chanzo cha kweli: mkanda wa mota umelegea. Nimeukaza. Jioni baada ya mizunguko nimeshuka tena, breki safi. Mke wangu amesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelikagua guu mbele yake. Halijavunjika, limechubuka tu.

Ila kuna jambo. Leo mchana nimemwona Kengele akipita karibu na uani kwetu, mikono ina grisi. Najua mwenye baiskeli hakosi grisi. Lakini ile ilikuwa grisi ya hatia. Jioni breki inafanya kazi, asubuhi haifanyi. Katikati hapo kuna mkono wa mtu. Leo Ubao unalala kitandani pamoja na chaja yake. Mke wangu amehamia kwenye kochi.

Alhamisi, 7 Juni

Hakuna aliyeugusa Ubao. Nimeulinda kama yai. Asubuhi breki zimegoma vilevile, nami nimeingia kwenye taulo. Kwa hiyo Kengele hana hatia, jambo lililonisikitisha sana.

Mama mkwe ameacha kufua, amenivutia kigoda. Uso ulinishuka, nikajua leo napewa vidonge vyangu. Hapana. Aliniambia amekuwa akinitazama siku zote tatu. Jioni nasimama vizuri, asubuhi naingia kwenye nguo zake. Je, asubuhi ninafanya nini ambacho jioni sifanyi?

Nikamjibu kwa fahari kwamba asubuhi betri huwa imejaa pomoni, nikamweleza na jinsi breki inavyourudisha umeme humo.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," akasema. "Tangi likijaa, ukilisukumia maji hayaingii. Si umesema breki yako inarudisha umeme kwenye betri? Sasa utaingia wapi? Chaji nusu."

Mimi na fundi redio, tumepitwa na mwanamke mwenye povu hadi viwikoni. Nikamshukuru. Njiani nikaanza kukumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nakaribia kulifikiria jambo hilo.

Ijumaa, 8 Juni

Nimechaji nusu. Nimeshuka asubuhi. Ubao umesimama hatua tatu kabla ya kamba za nguo. Nimecheka peke yangu barabarani, na mama mkwe amenipigia makofi kwa ndara. Furaha niliyonayo siwezi kuieleza. Nimeiaga stepla kimyakimya.

Jumamosi, 9 Juni

Niandike ukweli, maana hii ni shajara yangu.

Saa moja asubuhi betri ilikuwa nusu, kama nilivyoagizwa. Akapita Kengele kwa mbwembwe, akasema ametia mafuta mnyororo na leo hashikiki. Nikaitazama ile nusu. Nusu! Siku ya kufa na kupona, mwanamume anashuka na nusu? Nikachomeka chaja, kidogo tu, cha akiba. Nikaenda kunywa chai. Chai ilikuwa ya moto. Niliporudi, taa ilikuwa ya kijani.

Bosi alikuwa ameshateremka, anatungoja getini na saa yake. Tuliondoka pamoja. Kengele nilimpita kwa kinyozi, hata upepo wangu hakuupata. Ushindi niliuonja mdomoni. Kwenye kona nikabonyeza breki.

Siku ya Jumamosi mama mkwe hufua mapazia.

Kengele, kwa furaha ya kuniona nikizama, aligeuza shingo anicheke huku akipiga kengele. Baiskeli nayo ikanifuata. Tulijikuta wawili ndani ya pazia moja, kila mmoja akimtaka mwenzake atoe mguu wake. Mizigo yote ilikuwa imetua kwenye kapu la nguo kavu, bila hata kukunjamana. Mama mkwe akafuta mikono, akaichukua, akavuka barabara kwa mwendo wake wa kawaida, akamkabidhi bosi.

Bosi akazikagua kadi. Akatazama saa. Akatazama pazia lililokuwa likitukana. Akamuuliza mama mkwe kama ana nafasi kuanzia Jumatatu.

Jumatatu, 11 Juni

Nabana karatasi. Kengele anabana karatasi kando yangu, bila kofia. Saa nne mama mkwe ameingia kuchukua mzigo wake wa kwanza, nasi tumesimama wote wawili. Mimi kwa heshima, Kengele kwa kumwogopa. Nilipomsindikiza mlangoni amesema kazi anaipenda, ila mteremko huu unamla magoti.

Moyo wangu ukaruka. Kumbe bado ninahitajika!

Tangu nitoke kazini nimekuwa uani. Nimefunga kiti cha plastiki juu ya Ubao, nimeweka mto na mahali pa kadi. Nimeufanyia majaribio jioni hii mara tatu mteremkoni, breki zimeshika zote tatu, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Kesho asubuhi atashuka kama malkia.

Sasa uko kwenye chaja. Mke wangu amepita, ameitazama taa, akaniomba nimwekee mama yake nusu tu. Nimeshangaa mtoto kumsemea mzazi wake maneno hayo. Mama mkwe hapewi kitu nusu.