Kabichi za Mtani

Jumatatu, 5 Mei 2025

Madam Hosiana katangaza leo: gazeti la ukutani linatafuta mhariri. Kalamu ikaniponyoka. Mhariri! Mtu anayesomwa na shule nzima bila kufungua mdomo. Kazi hii iliumbwa kwa ajili yangu, mimi Pili wa Kidato cha Tatu, ambaye nikiitwa jina asubuhi naitika kwa kunyoosha kidole.

Mpinzani ni mmoja tu. Geofrey. Tunamwita Redio. Haizimwi.

Sharti: kila anayeitaka nafasi aandike makala kuhusu kilimo cha Mgeta. Halafu Madam akafundisha hakimiliki. Kwanza kwa Kiingereza. Darasa zima tukatikisa vichwa kwa heshima. Kisha kwa Kiswahili, tukaanza kuogopa. Kumbe maandishi yana mwenyewe! Kumbe kuna kitu kinaitwa matumizi ya haki: unachukua kipande kidogo, kwa kujifunza, na unasema umekitoa wapi. Geofrey akauliza, je, akiandika maneno aliyoambiwa na mama yake jikoni, mama naye atajwe? Madam akamsifu. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika makala. Hii hapa: “Mgeta kuna kabichi.” Ni kweli tupu, ila ni fupi.

Jioni Bibi mzaa mama kashuka na lori la mboga kutoka Mgeta. Kwenye kapu lake, chini ya karoti, katandika kijitabu kikuukuu kuhusu kilimo cha kabichi milimani. Mwandishi: Mzee Stambuli, bwana shamba mstaafu, jirani yake. Nikakifuta udongo. Mungu wangu, utamu wake! Nikamuuliza Bibi kama huyo mzee atakasirika nikichukua maneno yake. Bibi akacheka mpaka khanga ikamvuka.

“Yule? Si mtani wetu yule! Kwenye msiba wa babu yako alibeba jogoo mchana kweupe, nani alimsema?”

Basi, yamekwisha. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Mtani haibi, mtani anachukua. Kama hayo si matumizi ya haki, ni yapi? Nimenakili karibu kijitabu chote. Juu nimeandika jina langu, kwa mwandiko wa sikukuu.

Alhamisi, 8 Mei

Madam kasoma makala yangu mbele ya darasa. Nikajiona tayari mhariri. Mpaka akafika pale panaposema, “Tangu nilipostaafu, mgongo hauniruhusu tena kupanda matuta.”

Akaniangalia juu ya miwani. Akauliza chanzo. Nikaijibu sakafu. Akaomba nirudie. Nikamsogezea kijitabu.

“Ni mtani wetu, Madam. Tunaruhusiwa.”

Darasa likapasuka. Redio akasimama kuuliza: yeye ana mtani mwenye pikipiki, aende akaichukue sasa hivi au asubiri kengele? Madam akageukia ubao muda mrefu, mabega yanatikisika. Alipogeuka alikuwa mkali. Sheria haijui mtani, kasema. Na hata ningelitaja jina la mzee, kijitabu karibu chote si kipande. Nimuombe radhi mwenyewe kufikia kesho, la sivyo jina langu linafutwa kwenye kinyang’anyiro.

Bibi kampigia simu. Mzee kasema atakuja shuleni mwenyewe. Bibi anasema alisikika amefurahi sana.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee kaja na lori la alfajiri, viatu vina tope la Mgeta. Tukasimama. Shikamoo! Marahaba, wanangu, na mwizi wangu yuko wapi? Nikanyoosha kidole.

Akaja moja kwa moja kwenye dawati langu. Kachukua andazi langu, kala. Kachukua sweta langu, kajifunga kichwani. Kaketi mahali pangu, karibu na Happiness ninayekaa naye, akatangaza kuwa yeye ndiye Pili wa Kidato cha Tatu, na nani atamfanyia hesabu? Watu walilia kwa kucheka. Madam naye! Mimi nimesimama kama nguzo ya umeme.

Nikaomba sweta langu. Kwa sauti ya panya, lakini niliomba.

“Sweta gani, mtani? Hili langu. Jina lako liko wapi?”

Nikasema liko ndani ya kola, mama kalishona kwa uzi mwekundu.

Akalivua, akatazama. “Aa! Lipo kweli. Na kwenye kitabu changu hukuliona la kwangu?”

Akasema jogoo wa babu alimbeba huku yeye mwenyewe anapiga kelele, kijiji kizima kikajua ni jogoo wa nani. Hata siku moja hakusema kamfuga yeye.

Adhabu: nisome ukurasa mmoja kwa sauti, na kila aya niseme ni ya nani. Kila nikifika hapo darasa zima linaitikia, “Stambuliii!” Mara ya kwanza nilitamani kufa. Ya tatu nikajikuta nangoja waitikie. Sweta nikarudishiwa. Andazi, la.

Makala yangu, baada ya kuondoa ya mzee: “Mgeta kuna kabichi.” Mhariri ni Geofrey. Yake ina vyanzo chini: Mama, jikoni. Baba, akiwa amekasirika.

Jumatatu, 12 Mei

Geofrey kanipa kazi ya huruma: niwahoji walimu, wametoka wapi, wanapenda nini. Nimeanza na Madam. Nimemhoji kwa maandishi, yeye kwenye kiti chake, mimi mlangoni.

Kumbe mama yake mzazi ni wa Mkuyuni, upande wa pili wa milima yetu! Nikauliza ukoo. Akautaja. Ni ukoo wa Mzee Stambuli! Na sisi ukoo tunaurithi kwa mama. Kwa hiyo Madam Hosiana, pamoja na miwani yake yote, ni mtani wangu halali.

Ijumaa tuna mtihani wake. Majibu yako kwenye droo ya meza yake, nimeyaona kwa macho yangu alipoifungua.

Lakini safari hii nimejifunza. Nitayachukua mchana kweupe. Nitapiga kelele, kwa sauti yangu hii hii. Na chini ya karatasi ya mtihani, kwa mwandiko wa sikukuu, nitaandika: Chanzo, Madam Hosiana, droo ya pili.